Baba Alikufa kwa Amri, Mtoto Asome kwa Mkopo?

Siku boom linapoingia, hosteli yetu huwa haikaliki. Simu zinalia kila chumba, madeni ya kantini yanalipwa, na wale waliokula mihogo wiki mbili mfululizo wanaagiza chipsi mayai bila kuuliza bei. Siku kama hiyo mwaka jana, mwenzangu wa chumba alikaa kitandani na simu mkononi akipiga hesabu. Nilidhani anapanga matumizi, kumbe alikuwa anajumlisha deni: ada ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa pili, chakula na malazi, vitabu, fedha za field. Alipomaliza alinigeuzia kioo cha simu nikaona tarakimu.

"Hii ndiyo nitakayoanza kulipa nikipata kazi," akasema. "Na baba alikufa akiwa kazini."

Baba yake alikuwa mjeda. Alitumwa nje ya nchi kulinda amani, akarudi kwenye jeneza lililofunikwa bendera. Hakufa kwa risasi. Gari walilopanda lilipinduka njiani wakipeleka chakula kwa wenzao. Rafiki yangu alikuwa darasa la sita. Anakumbuka risasi zilizopigwa hewani siku ya mazishi, na anamkumbuka afande mmoja aliyeinama mbele ya mama yake akasema familia haitasahaulika. Jina la afande huyo halikumbuki. Anachokumbuka ni viatu vyake, jinsi vilivyong'aa mpaka aliona sura yake mwenyewe.

Mafao yaliingia, yakamalizia nyumba ya vyumba vitatu, yakalipa ada za sekondari, yakaisha. Chuo kilipofika ikabaki njia ile ile tunayopita wote. Alijaza fomu ya mkopo, akaambatanisha cheti cha kifo, akawekwa kwenye kundi la yatima. Fomu iliuliza kama mzazi amefariki. Haikuuliza amefariki wapi, akifanya nini, wala nani alimtuma.

Sijaandika makala hii kuuponda mkopo. Bila mkopo wengi wetu tusingekuwa hapa, nikiwemo mimi. Lakini mkopo ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa mimi, mtoto wa fundi cherehani, naona ni sawa: taifa limenikopesha, nitalirudishia. Kwa rafiki yangu hesabu inakaa vibaya. Taifa lilimchukua baba yake likamtuma mahali, hakurudi, na sasa taifa hilo hilo linamwambia binti yake, "Tutakusomesha, halafu utatulipa." Hapo nani anamdai nani?

Hoja yangu ni hii: mtoto na mwenza wa askari aliyekufa au aliyepata ulemavu wa kudumu akiwa kazini wasomeshwe kwa ruzuku. Wasisome kwa mkopo, wala kwa hisani ya mtu. Isomeke kama haki iliyoandikwa kwenye sheria, anayeidai asilazimike kumpigia mtu magoti.

Kabla hujasema ni ndoto, kuna nchi inayofanya hivyo kwa takriban miaka 70 sasa. Nimeisoma historia yake kwa sababu nilitaka kujua kama jambo lenyewe linawezekana. Nimekuta linawezekana, na nimekuta pia makosa mengi ambayo sisi tungeweza kuyakwepa.

Wamarekani walianzaje

Tarehe 22 Juni 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria iliyokuja kujulikana kama GI Bill. Askari aliyerudi vitani alilipiwa ada ya chuo hadi dola 500 kwa mwaka, akapewa na posho ya kujikimu. Kwa wakati ule, dola 500 zilitosha ada ya vyuo vikubwa kabisa. Kufikia mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo nchini humo walikuwa maveterani. Hadi mpango ule wa kwanza unafungwa mwaka 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata elimu au mafunzo kupitia kwao.

Sheria hiyo ilikuwa ya askari mwenyewe. Lakini askari aliyekufa haingii darasani, na aliyerudi bila miguu miwili pengine hana tena nguvu ya kuanza mwaka wa kwanza. Swali la familia likabaki wazi mpaka mwaka 1956, Rais Eisenhower aliposaini sheria ya elimu kwa yatima wa vita. Mwaka 1964 wakaongezwa watoto wa maveterani wenye ulemavu wa kudumu usiowaruhusu kufanya kazi. Mwaka 1968 ndipo wakaongezwa wajane, pamoja na wake za hao waliolemaa.

Hebu itazame hiyo miaka. Kati ya mtoto kukumbukwa na mama yake kukumbukwa ilipita miaka 12. Huyo mama ndiye aliyebaki na watoto, ndiye aliyemwosha na kumlisha mume aliyerudi nusu, na mara nyingi aliacha shule ili aolewe na kuhamahama kambi hadi kambi. Alipohitaji cheti ili apate kazi ya kulisha nyumba, sheria haikumwona.

Mpango huo upo hadi leo. Anayestahili hulipwa posho ya kila mwezi moja kwa moja mkononi mwake akiwa masomoni, kwa miezi isiyozidi 36 kwa walioanza kuutumia tangu Agosti 2018. Waliotangulia walipewa 45. Pembeni yake kuna mwingine mnono zaidi, wenye jina la John David Fry. Fry alikuwa sajini wa kikosi cha Marine, mtaalamu wa kutegua mabomu. Aliuawa na bomu katika jimbo la Anbar, Iraq, Machi 2006, akiwa amebakiza siku chache tu arudi nyumbani. Aliacha mke na watoto watatu. Ufadhili wenye jina lake ulianza mwaka 2009 kwa watoto wa askari waliokufa kazini baada ya tarehe 10 Septemba 2001. Unalipa ada yote ya chuo cha umma kwa mkazi wa jimbo, posho ya nyumba na fedha za vitabu.

Na mjane? Kosa lile lile likarudiwa. Sheria ya 2009 ilitaja watoto, mke wa marehemu akaachwa nje. Aliingizwa tangu Januari 2015. Hata huko ndani aliwekewa mtego: kwa sehemu kubwa ya historia ya mafao haya, mjane aliyeolewa tena alipoteza haki yake ya kusomeshwa. Yaani mwanamke wa miaka 26 aliambiwa achague kati ya shahada na mume. Hizo ni mila tunazozijua vizuri hata huku kwetu, sema kwao ziliandikwa kwa lugha ya kisheria.

Kuna kesi moja wanafunzi wa sheria mtakuwa mnaijua. Mapema miaka ya 1970, luteni wa kike wa jeshi la anga, Sharron Frontiero, aliomba posho ya nyumba na matibabu ya mwenza kwa ajili ya mumewe, ambaye alikuwa mwanafunzi wa chuo. Askari mwanamume hakutakiwa kuthibitisha kwamba mkewe anamtegemea. Askari mwanamke alitakiwa kuthibitisha kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya mumewe yanatoka kwake. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi, majaji wanane dhidi ya mmoja. Nimeitaja kwa sababu na sisi tunao wanajeshi wanawake. Siku sheria yetu ikiandikwa, isiseme "mjane." Iseme "mwenza."

Tusichukue kila kitu

Mwanafunzi mwenye akili hadesi mpaka makosa ya mwenzake. Historia hiyo ina makosa manne ambayo sisi hatuna haja ya kuyarudia.

La kwanza ni ubaguzi wa utekelezaji. Kwenye karatasi, GI Bill ya 1944 haikutaja rangi ya mtu. Utekelezaji ukaachwa mikononi mwa maofisa wa majimbo na wa mitaa, na kule Kusini maofisa hao walijua cha kufanya. Zaidi ya Wamarekani weusi milioni moja walitumikia katika vita ile, wengi wakazuiwa kupata walichoahidiwa. Joseph Maddox, mkongwe mweusi, alikubaliwa kusoma shahada ya uzamili Harvard, lakini ofisi ya mafao ya mahali kwao ikakataa kumlipia ada. Mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa na serikali chini ya sheria hiyo katika jimbo la Mississippi, miwili tu ilikwenda kwa watu weusi. Mwaka 2021 wabunge walipeleka muswada wenye jina la Maddox na mwenzake Isaac Woodard, wakitaka wenza na wazao wa maveterani hao weusi wapewe leo mafao ambayo mababu walinyimwa. Hebu fikiria: haki ya elimu ya babu inadaiwa na mjukuu. Sisi hatuna Mississippi, lakini tuna ofisi ambazo faili lako linasogea kwa kutegemea unamjua nani. Haki inayotegemea huruma ya karani wa dirishani bado haijawa haki.

La pili ni kumfanya mtoto chambo. Tangu 2009 askari wa Marekani anaweza kumhamishia mkewe, mumewe au mtoto wake mafao yake ya masomo ambayo hajayatumia. Vizuri. Ila masharti yake ni kwamba awe ametumikia angalau miaka sita na akubali kuongeza mingine minne, na uhamisho aufanye kabla hajavua kombati. Aliyestaafu bila kujaza fomu ile, imekula kwake. Serikali yao haifichi kwamba lengo ni kuwabakiza askari jeshini. Mimi naona hapo ada ya mtoto imegeuzwa kamba ya kumfungia mzazi kambini. Ninachokidai kwa rafiki yangu ni cha aina nyingine. Baba yake hakuwa na miaka minne ya kuongeza.

La tatu ni tai. Palipo na fedha ya uhakika kutoka serikalini, hawachelewi. Huko kulikuwa na kanuni kwamba chuo cha kibiashara kisipate zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka misaada ya wanafunzi ya serikali kuu. Fedha za maveterani na familia zao, kwa tafsiri ya ajabu, hazikuhesabiwa ndani ya hiyo 90. Kila mjane na kila yatima akawa dili. Vyuo vikawasaka kwa simu na matangazo, vikawauzia shahada ambazo waajiri hawakuzithamini, na vingine vikafungwa wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Mwanya huo uliamuliwa kuzibwa kwa sheria ya mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya kelele. Kwetu dawa ni rahisi kuitamka: ruzuku itumike kwenye chuo chenye ithibati tu, na ikiwezekana kile chenye kozi inayomaliza watu.

La nne linatuhusu sisi tuliobaki, tusio watoto wa askari. Texas wana sheria inayoitwa Hazlewood, inayomsamehe mkongwe ada ya vyuo vya umma kwa saa 150 za masomo. Mwaka 2009 bunge la jimbo liliruhusu saa zisizotumika zipewe mtoto. Walioomba wakaongezeka haraka mno, lakini jimbo halikutoa fedha za kufidia vyuo kikamilifu. Wanasiasa walipigiwa makofi kwa kutoa ahadi, vyuo vikaachiwa bili. Na chuo kikibanwa unajua kinamgeukia nani. Kwa hiyo ruzuku hii ilipwe na hazina ya taifa, kwa fungu linalosomwa bungeni. Isiwe "msamaha wa ada" unaosukumiwa vyuo, halafu mwakani sisi wengine tunaongezewa ada ya usajili, ya maktaba na ya kitambulisho.

"Kwani mwanajeshi ana nini?"

Nilipoitoa hoja hii kwenye mjadala wetu wa Ijumaa, dada mmoja wa uuguzi alinyoosha mkono. "Mama yangu mdogo ni muuguzi," akasema. "Kipindi cha Korona alikuwa anaingia wodini na barakoa moja siku nzima. Angekufa, mwanawe angesoma bure? Kwani mwanajeshi ana nini?" Ukumbi ukampigia makofi, na mimi nikakosa la kusema. Nimelifikiria wiki nzima.

Jibu langu, dada yangu, ni hili. Mwanajeshi ni mfanyakazi ambaye kisheria hawezi kukataa kwenda mahali pa kufa. Muuguzi au mwalimu anaweza kuacha kazi, mchimbaji anaweza kukataa kushuka shimoni siku akiona nguzo zimeoza, ijapokuwa njaa inaweza kumsukuma ashuke tu. Askari akikataa amri anashtakiwa. Kwa sababu dola imejipa haki hiyo ya kumwamuru mtu aende akafe, dola hiyo ina wajibu ambao mwajiri mwingine hana. Hata hivyo nakubaliana na wewe katika jambo kubwa zaidi: mlango huu ukishafunguliwa usifungwe kwa wengine. Marekani kwenyewe, majimbo mengi yanawasomesha watoto wa polisi na wazimamoto waliokufa kazini. Muuguzi aliyefia kwenye mlipuko wa ugonjwa ambao serikali ilimtaka akaukabili anaingia kwenye hoja hii hii. Tuanze na kundi ambalo amri yake iko wazi kabisa, kisha tupanue. Tusiache kumpa haki yake mmoja kwa kuwa bado hatujaweza kumpa wa pili.

Mwingine alisema tunataka kulitukuza jeshi, na Afrika hii imeumizwa vya kutosha na watu wenye bunduki. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini ruzuku hii hainunui bunduki. Anaipokea binti wa miaka 19 anayesoma takwimu. Na nadhani inafanya kinyume cha kutukuza: inalazimisha serikali kuandika kwenye bajeti bei halisi ya kutuma watu vitani. Mwaka 2020 alifariki Marekani bibi mmoja, Irene Triplett, akiwa na umri wa miaka 90. Mpaka anafariki alikuwa akilipwa dola 73.13 kila mwezi, pensheni ya baba yake aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1865. Piga hesabu: miaka 155 baada ya bunduki kunyamaza, hazina ilikuwa bado inailipia vita ile. Kiongozi anayejua kwamba kila jina analolituma lina mtoto atakayesomeshwa na taifa hadi shahada, atafikiri mara mbili kabla ya kusaini. Hiyo naiona faida.

La mwisho ni lile la siku zote: hela iko wapi? Nchi yetu haiko vitani kila siku. Namshukuru Mungu, wanaokufa kazini ni wachache. Ndiyo maana kuwasomesha watoto wao hakuwezi kuitikisa hazina, na ndiyo maana ni rahisi kuwasahau. Wachache hawaandamani.

Watoto hawa wapo

Nisionekane naongea mambo ya nadharia. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku ule na makumi wakajeruhiwa. Tuliweka picha za bendera nusu mlingoti kwenye simu zetu, wiki mbili baadaye ikawa Krismasi. Mtoto aliyemaliza darasa la saba mwaka huo, kama hakukwama popote, alikuwa tayari kuingia chuo mwaka 2024. Watoto wa rika hilo wako kwenye foleni zetu za usajili sasa hivi. Wanaofuata wako kidato cha sita.

Nyuma yao kuna Kagera. Jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka Oktoba 1978, na Aprili 1979 vijana wetu waliingia Kampala. Waliorudi na ulemavu wamezeeka, watoto wao wamepita umri wa chuo, na sasa wanaosoma ni wajukuu. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa kwa mashada, ngao na mikuki. Sina ubaya na mashada, ila shada linakauka wiki hiyo hiyo.

Wapo pia Waafrika Mashariki ambao hadithi hii ya Marekani imewagusa moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wenye taaluma za afya au lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kuwapa njia ya haraka ya uraia. Hivyo inawezekana kabisa kuna mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, mzazi wake amevaa kombati ya nchi nyingine, na ada yake ya chuo iko kwenye sheria ya nchi hiyo. Mimi hilo linanichoma kidogo. Sijui wewe.

Tunachoweza kudai

Serikali ya wanafunzi inapeleka madai kila mwaka: boom lisichelewe, maji yasikatike, wifi ifike hosteli zote. Naomba safari hii tuongeze ukurasa mmoja. Ukurasa huo useme mambo matano.

Kwanza, fomu ya mkopo iongezwe swali moja: je, mzazi au mwenza wako alifariki au kupata ulemavu wa kudumu akiwa katika utumishi wa jeshi? Swali hilo halina gharama, na litatupa hesabu ya kweli ya walengwa. Pili, atakayejibu ndiyo na kuthibitishwa asomeshwe kwa ruzuku, na aliyekwisha kopa deni lake lifutwe. Tatu, mwenza awemo tangu siku ya kwanza, wa kiume au wa kike, na kuoa au kuolewa tena kusimfute. Nne, kifo cha kazini kiwe kifo cha kazini, kwa risasi, kwa malaria ya misheni au kwa gari lililopinduka. Tano, familia isiachwe iitafute haki yake. Jeshi lina majina ya marehemu wake na ya watoto wao. Barua imfikie mtoto akiwa kidato cha nne, kabla hajaamua kwamba chuo si cha watu kama yeye.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini na huyo rafiki yangu kutafuta viatu vya mtumba. Tulianzia Kariakoo. Wengi hatukumbuki kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Walibeba mizigo ya jeshi wakafa kwa maelfu, kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi, na kilichobaki kwao ni jina la soko. Kisha tukapita Posta, kwenye sanamu ya Askari. Tangu nimefika Dar nimeipita mara mia nikikimbilia daladala, sikuwahi kusoma maandishi yake. Siku hiyo tulisimama. Yanawaambia wale askari na wapagazi kwamba hata wakifa wakiipigania nchi yao, watoto wao watayakumbuka majina yao.

Rafiki yangu aliyasoma mara mbili. Ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza kugombania bei ya viatu, akacheka kidogo.

"Jina la baba nalikumbuka," akasema. "Nimeliandika kwenye kila fomu."